Ami, amu na binamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neno la ukoo lililoenea lugha hadi lugha

Maswali haya yanahusu neno moja la Kiarabu, *ʿamm*, ambalo kwetu limekuwa ami au amu na ambalo limejificha ndani ya binamu. Maneno mengine ya ukoo yanaguswa pale tu watu wanapoyachanganya nalo. Namba kwenye mabano zinaelekeza kwenye swali lenye maelezo zaidi.

## Misingi

1. Ami ni nani hasa?

Ni ndugu wa kiume wa baba. Ndugu wa kiume wa mama si ami, huyo ni mjomba. Ami halibagui aliyetangulia kuzaliwa na aliyefuata, na hapo ndipo linapoachana na baba mkubwa na baba mdogo, maneno ambayo yanamtaja mtu yuleyule lakini yanapima umri wake dhidi ya wa baba. Ukiandika "baba mdogo" kila unapokuta "ami" bila kuuliza nani alizaliwa kwanza, unaweza kumshusha cheo mzee wa watu.

Neno ni la pwani zaidi: Zanzibar, Pemba, Mombasa, Lamu, na miongoni mwa Waswahili wa Oman. Bara wengi wanalielewa ila hawalitumii. Kwao ni bamkubwa na bamdogo.

2. Niseme ami au amu?

Yote mawili ni Kiswahili, fuata wanavyosema kwenu. Tofauti imetokana na namna neno lilivyosikika. Kwa Kiarabu *ʿammī* maana yake "ami yangu", ile *ī* ya mwisho ndiyo "yangu". Maneno ya ukoo husikika zaidi watu wanapoitana, na mtoto hamwiti mtu "ami" mkavu, humwita "ami yangu". Aliyeazima akachukua neno na kimilikishi chake kwa pamoja. Amu, kwa upande wake, ni *ʿamm* iliyopewa irabu ya mwisho kama ilivyokuwa kwa salamu, haramu na nidhamu: neno la Kiarabu likiishia na *m*, Kiswahili hupenda kulifunga kwa *u*.

Sauti ya ain iliyo mwanzoni (ile ya kooni, hapa imeandikwa ʿ) imepotea, kama ilivyopotea katika elimu na adui. Mtu akikukosoa kwamba "ami yangu" ina "yangu" mbili, hesabu yake ni ya Kiarabu. Kwa Kiswahili hakuna kosa: ami yangu amekuja, ami zangu wamekuja.

3. Ni neno la Kiarabu tu, au ni la zamani zaidi?

Ni la zamani kuliko Kiarabu tunachokijua. Lipo katika lugha nyingine za Kisemiti (familia ya Kiarabu na Kiebrania), na maana yake huko ilikuwa pana: jamaa wa upande wa baba, ukoo, hata taifa. Kiebrania *ʿam* ni watu au taifa. Jina la Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 kabla ya Kristo, husomwa na wataalamu wengi kuwa ni *ʿAmmu-rāpi*, "jamaa wa kiumeni huponya". Kwa Kiarabu tunachokijua limebaki na ndugu wa kiume wa baba.

4. Kiswahili kilikuwa na baba mkubwa na baba mdogo. Kwa nini kikaazima?

Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote, na jibu la "biashara na Waarabu" halitoshi. Biashara huleta majina ya bidhaa. Neno la ukoo huingia pale linapokuwa na kazi ambayo maneno yaliyopo hayaifanyi.

Angalia maneno ya Kibantu yenyewe. Kishona kina *babamukuru* na *babamunini*, muundo uleule wa kwetu. Kizulu humwita mjomba *umalume*, kwa tafsiri ya neno kwa neno "mama wa kiume". Mfumo unasema wazi: ndugu wa kiume wa baba ni baba, ndugu wa kike wa mama ni mama. Kwa malezi, heshima na matambiko ni mfumo mzuri kabisa.

Ulipofika Uislamu, ikaja sheria isiyokubali baba wawili. Katika mirathi, baba ana fungu lake na ndugu wa baba ana nafasi nyingine ya mbali (17). Katika ndoa, madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani ya Afrika Mashariki, yanapanga mawalii (wanaume wenye mamlaka ya kumwozesha bibi arusi) kwa zamu: baba, babu mzaa baba, kaka wa baba na mama mmoja, kaka wa baba mmoja, watoto wa kiume wa hao, kisha ami, kisha mtoto wa kiume wa ami. Mjomba hayumo kabisa. Qurani nayo hutaja jamaa hawa mmoja mmoja: aya ya 50 ya Surat Al-Ahzab inawataja mabinti wa ami, wa shangazi, wa mjomba na wa ndugu wa kike wa mama, kila mmoja kwa neno lake.

Kadhi anayeuliza "baba yupo?" hawezi kujibiwa "wapo watatu". Alihitaji neno la kumtenga baba mzazi na ndugu zake, na neno hilo lilikuwa tayari kwenye vitabu alivyosomea. Ndiyo maana ami limeshika mizizi palipo na madrasa na kadhi, na limelegea kadiri unavyoingia bara, ingawa misafara ya biashara ilifika huko pia.

## Lugha nyingine

5. Ni lugha zipi nyingine zina neno hili?

Nyingi, na njia zake ni mbili kuu: sheria ya Kiislamu, na lugha za utawala, yaani Kiajemi na Kituruki.

Kiajemi kina *amu* kwa ndugu wa kiume wa baba na *amme* kwa shangazi. Mtoto wa kiume wa amu ni *pesar-amu*, wa kike *dokhtar-amu*. Mzee anayeuleta mwaka mpya wa Kiajemi huitwa Amu Nowruz, ingawa hana udugu na yeyote. Kiazabajani kina *əmi*, na *əmioğlu* kwa mtoto wake wa kiume. Kiuzbeki kina *amaki* kwa ami na *amma* kwa shangazi.

Kituruki kina *amca* (hutamkwa amja), yaani *ʿamm* iliyoongezwa kiambishi cha Kituruki, na vijijini Anatolia utasikia *emmi*. Kutoka hapo neno lilivuka na dola ya Osmania hadi Bosnia, iliyokuwa chini ya dola hiyo tangu 1463 hadi 1878. Kibosnia kikalipokea kama *amidža*, kando ya *stric* lao la Kislavi lenye maana hiyohiyo. Hakuna Mwarabu aliyelipeleka Sarajevo, lilifika kwa mkono wa pili. Jambo hilo ni la kawaida kwa maneno ya aina hii: aliyekuazima si lazima awe mwenye mali.

6. Mbona Kituruki *hala* ni shangazi, na kwa Kiarabu *khāla* ni ndugu wa kike wa mama?

Hamjakosea kusoma, neno limevuka upande. Waturuki walikuwa na *teyze* kwa ndugu wa kike wa mama, kwa hiyo kiti hicho kilikuwa na mwenyewe, na *hala* likaketi kwenye kiti cha shangazi. Majirani zao Waazabajani walibaki na *xala* upande wa mama kama Waarabu, na shangazi wakamwita *bibi*. Ndiyo, bibi, neno lilelile la Kiajemi lililofika kwetu na kuwa mama mzaa mama au mama mzaa baba.

Kanuni ya kufanyia kazi: neno la ukoo likihama, usidhani limebeba nafasi yake. Uliza kwanza nafasi ipi ilikuwa wazi huko lilikofika.

7. Wasomali ni Waislamu na ni majirani wa Waarabu. Mbona hawasemi ami?

Kwa sababu hawakuwa na pengo. Kisomali kina *adeer* kwa ndugu wa kiume wa baba na *abti* kwa mjomba, na hakuna anayechanganya hao na baba mzazi. Mtoto wa adeer ni *ina adeer*. Sheria ilipofika ilikuta kila nafasi ina jina, kadhi akaendelea na kazi. Mfano huu ndio unaozuia jibu la swali la 4 lisiwe rahisi mno: dini peke yake haiazimishi neno.

8. Neno linaweza kufa hata kwa wenyewe?

Linaweza. Kimalta ni lugha iliyotokana na Kiarabu, lakini Mmalta husema *ziju* kwa ami na mjomba, na *kuġin* kwa binamu, yote kutoka upande wa Italia. Kile *zio* cha Kiitaliano nacho asili yake ni Kigiriki, *theios*. Kwa hiyo kisiwa kilichokuwa na neno la Kisemiti sasa kinatumia la Kigiriki lililopitia Italia.

## Binamu

9. Binamu ni mtoto wa nani?

Kwa asili, *bin ʿamm*, mtoto wa kiume wa ami. Kwa matumizi ya Watanzania wengi wa bara, ni mtoto wa mjomba au wa shangazi, na mtoto wa baba mdogo *hayumo*. Yaani neno limehamia kwa watu walewale ambao asili yake haikuwataja.

Sababu ni ule mfumo wa swali la 4. Kama ndugu wa baba ni baba, mtoto wake ni kaka au dada yako, na kumwita kitu kingine ni kumtenga. Waliobaki bila jina la karibu ni watoto wa shangazi na wa mjomba. Kiswahili kina neno la zamani kwa hao, mkoi, lakini siku hizi ni wachache wanaolijua nje ya kamusi. Binamu lilipoingia bara likakuta nafasi hiyo na kukaa.

Hapo likakutana na jambo lingine. Katika makabila mengi watoto wa mjomba na shangazi ni watani, wanataniana mambo ambayo kaka na dada hawathubutu kuyasema, na pengine wanaruhusiwa kuoana. Msemo "binamu nyama ya hamu" una maana hiyo, na hauchekeshi hata kidogo ukimwambia mtu ambaye mtoto wa baba yake mdogo ni dada yake. Pwani, ambako ndoa ya watoto wa ndugu wawili wa kiume ni halali na hufanyika, msemo huohuo unaweza kumhusu mtoto wa ami.

Basi mtu wa Pemba na mtu wa Mwanza wanaweza kuongea nusu saa kuhusu "binamu" bila kugundua kwamba kila mmoja ana mtu wake kichwani. Dawa ni kutaja njia: mtoto wa nani, na huyo ni nani kwa baba au kwa mama.

10. Mwanamke aitwe binamu au binti ami?

Binamu inatosha: binamu yangu wa kike. Ile *bin* ya Kiarabu, ambayo ni ya kiume tu, Kiswahili hakiioni tena, neno limekuwa kipande kimoja na wingi wake ni mabinamu. Binti ami lipo, husikika pwani na kwenye mashairi, na faida yake ni kwamba linabaki na maana ya mtoto wa ami tu.

## Kuitana

11. Naweza kumwita ami mtu asiye ndugu yangu?

Pwani, ndiyo, kwa mwanamume wa rika la baba yako. Waarabu, Waajemi na Waturuki hufanya vivyo hivyo. Misri "ʿamm" huwekwa mbele ya jina la mzee wa kawaida, mwenye duka au bawabu. Sehemu nyingi za Uarabuni baba mkwe huitwa *ʿammī*, jambo lenye mantiki pale ambapo mtu huoa mtoto wa ami yake. Ghuba, mtumishi anaweza kumwita hivyo mwajiri wake, na hapo halina udugu wowote, ni "bwana wangu". Aliyekwenda kufanya kazi huko akiwa na ami wa Kiswahili tu kichwani huenda akadhani anakaribishwa nyumbani.

12. Anko linaua ami na mjomba?

Linamgusa mjomba zaidi. Tanzania, anko kwa vijana wengi ni mjomba, na wajomba na wapwa huitana anko kwa zamu kama walivyoitana mjomba. Baba mdogo bado ni baba mdogo. Kichekesho cha historia ni kwamba *uncle* la Kiingereza limetoka kwa Kifaransa, nacho kikalitoa kwenye Kilatini *avunculus*, ambaye alikuwa ndugu wa mama pekee. Waingereza waliusahau upande huo, vijana wa Dar es Salaam wakaurudisha bila kujua.

## Yanayofanana bila udugu

13. *Ammi* ya Kiurdu ni ami yetu?

Hapana. *Ammi* ni mama, kutoka *amma*. Ukisikia Mpakistani akisema ammi yake amepika, usimtafute mwanamume jikoni.

Na Amu, jina la kale la Lamu? Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi. Neno fupi lenye sauti tatu litafanana na mengi.

14. Mbona baba na mama vinafanana karibu dunia nzima? Nayo yaliazimwa?

Mengi hayakuazimwa. Mwaka 1959 mwanaanthropolojia George Peter Murdock alikusanya maneno 531 ya "mama" na 541 ya "baba" kutoka lugha za dunia. Mwanaisimu Roman Jakobson alipoyachambua, aliona sauti za puani (m, n na jamaa zake) zimo katika asilimia 55 ya maneno ya mama, na asilimia 15 tu ya ya baba. Maelezo yake: mtoto anayenyonya hutoa mlio wa puani mdomo ukiwa umezibwa, na wazazi wakaufanya kuwa jina. Sauti za midomo huja mapema kwa watoto, popote walipo.

Kwa hiyo baba yetu na *baba* ya Kituruki havihitaji msafara wa kuviunganisha. Wala mpangilio si wa lazima: Kijojia humwita baba *mama*, na mama *deda*.

Ami hairuhusu maelezo haya. Asili yake ina ain, ina maana nyembamba, na ina ndugu zake wa Kisemiti.

15. Kaka na dada vimetoka Uajemi?

Yanayofanana yapo. Wakurdi wana *kak* kwa kaka mkubwa, na Shiraz utasikia *kaka*. Lakini kwa Kigujarati *kaka* ni ndugu wa baba, na *dada* ni babu mzaa baba, ilhali Kibengali *dada* ni kaka mkubwa. Silabi inayorudiwa mara mbili ni mali ya watoto wote (14), na maana zinapotawanyika hivi, kutamka kwa uhakika ni haraka mno.

16. Nitajuaje kama neno la ukoo la lugha yangu limeazimwa?

Pitia haya, kwa mpangilio huu:

Kwanza, lishuku kama ni silabi moja iliyorudiwa au ni la m, b, p, t, n peke yake. Hapo kufanana peke yake hakuthibitishi lolote.

Pili, tafuta neno hilohilo katika lugha dada. Mjomba ana jamaa katika lugha nyingine za Kibantu. Ami hana, nje ya zile zilizoguswa na Kiswahili au Kiarabu.

Tatu, tazama kama kuna kipande cha sarufi ya kigeni kilichogandia ndani, kama *ī* ya ami au *bin* ya binamu. Huu ndio ushahidi mzito kuliko wote, kwa sababu bahati haigandishi sarufi.

Nne, uliza neno gani lilikuwa likifanya kazi hiyo zamani na limekwenda wapi. Mara nyingi halijafa, limebaki kwa wazee au limepewa maana finyu, kama mkoi.

Kosa la kawaida ni kuanza na maana. Watu huona maana imehama wakakataa ukopaji, kumbe kuhama ni kawaida (6, 9).

## Makaratasi

17. Katika mirathi ya Kiislamu, kuna tofauti gani nikiandika ami, baba mdogo au mjomba?

Kubwa. Chukua marehemu aliyeacha mke, binti mmoja, ami na mjomba, na hakuacha mtoto wala mjukuu wa kiume, wala baba, babu, ndugu au watoto wa ndugu. Baada ya madeni na wasia, mke hupata 1/8, binti 1/2, na ami huchukua salio, 3/8. Shamba la eka 8 litagawanyika eka 1, eka 4 na eka 3. Mjomba hapati kitu. Kama binti hayupo, mke hupata 1/4 na ami 3/4.

"Baba mdogo" kwenye karatasi huleta vurugu mbili. Mwanasheria asiye wa kwenu anaweza kudhani ni baba wa kambo. Tena kuna familia ambazo baba mdogo ni mume wa mama mdogo, ambaye si damu ya baba hata kidogo. Na hata ami lenyewe lifafanue: ami aliyechangia na baba wa marehemu mama tu, bila baba, haingii katika salio hilo. Andika "ndugu wa baba, kwa baba na mama mmoja" au "kwa baba mmoja".

18. Fomu ya viza inauliza "kaka". Niandike mtoto wa baba mdogo?

Usiandike kaka bila maelezo. Fomu za Ulaya na Marekani zinakusudia mtu mliyechangia naye mzazi, na kama baadaye kitaombwa kipimo cha vinasaba au cheti cha kuzaliwa, majina ya wazazi hayatalingana na utaonekana umedanganya. Andika "mtoto wa kaka wa baba yangu", na pakiwa na nafasi ongeza kwamba mlilelewa nyumba moja. Katika mahojiano mkalimani akitafsiri "ndugu" kuwa kaka, msimamishe hapohapo, maana jibu la kwanza ndilo linaloandikwa.

19. Nataka kukusanya maneno ya ukoo ya wazee wetu. Nianzie wapi?

Usiulize "ami ni nani?" Atakujibu kama mwalimu. Uliza kwa njia ya damu: kaka wa baba yako ni nani kwako, mkewe je, mtoto wake je. Rudia kwa mdogo wa baba, dada wa baba, kaka wa mama, dada wa mama. Kwa kila mmoja andika majibu mawili tofauti: unavyomwita akiwa mbele yako, na unavyomtaja kwa mtu wa nje akiwa hayupo. Maneno ya kuazimwa mara nyingi yanaishi kwenye moja tu kati ya hayo mawili, na ukiyachanganya hutaona neno lilipoingilia.

Muulize pia aliyeoa au kuolewa kutoka kwingine, peke yake. Mbele ya wakwe atasema wanavyosema wakwe.